Huenda Ina Maziwa

Hancock, Michigan
12 Novemba 2022

Mwanangu Karin,

Nakusalimu mimi shangazi yako, mzima wa afya isipokuwa masikio, ambayo siku hizi ni mapambo tu. Juzi ulipopiga simu Rudy aliniwekea sikioni, nikasikia mluzi mtupu kama birika linachemka. Basi tuendelee na karatasi, kama tulivyozoea tangu uhamie huko jangwani kupima mashamba ya watu.

Theluji imewahi mwaka huu. Baba yako mdogo Waino ameteguka goti akitoka sauna, na bado anabisha kwamba hakuteleza, ati ngazi ndiyo ilisogea. Habari kubwa ni kwamba Rudy anaoa, mwezi wa sita. Mchumba ni Tessa, yule binti wa L'Anse anayesimama kaunta dukani. Nilishaanza kufikiri mwanangu atanizika akiwa kapera.

Sasa sikiliza kero yangu. Amekuja mkaguzi wa jimbo, Bi Schroeder, mwanamke mrefu wa viatu safi. Akashika mkate wangu wa iliki, akaugeuza kama anatafuta mlango.

"Huu uliufunga mfukoni lini?"

"Asubuhi."

"Kabla mteja hajauomba?"

"Sasa ningeufunga lini, akishaula?"

"Basi unahitaji lebo. Kila kilichomo kiandikwe, na maziwa yatajwe waziwazi."

"Na hizi pasti, unga uliokunjwa na nyama ndani, kwenye kabati la joto?"

"Hizo ukimtolea mteja akiziomba, sheria haikulazimishi lebo."

"Kwa hiyo mwenye mzio ni mfuko, si mtu?"

Hakucheka. Aliandika. Karin, nimekanda unga katika duka hili tangu baba yako akiwa hai, nimekulea wewe ambaye tone moja la maziwa lilikuvimbisha uso kama andazi, halafu leo nifundishwe maziwa ni nini! Nimeudhika mpaka kahawa imeniwia chungu.

Kile kibao cha bluu juu ya pasti, kile cha HAZINA MAZIWA, nimekitoa kwa sasa. Usijali.

Tessa anauliza utavaa rangi gani kwenye harusi.

Shangazi yako,
Helmi


Las Cruces, New Mexico
18 Desemba 2022

Shangazi Helmi,

Nakuamkia, na pole ya goti mfikishie baba mdogo. Mwambie ngazi za huku hazisogei, aje. Mimi sijambo. Jua la Desemba hapa linanichoma pua wakati nyinyi mnachimba njia kwa sepeto. Hongera ya Rudy. Tessa namkumbuka kwa ile sauti yake ya kuita wateja kama anaita ng'ombe zizini.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Habari ya mkaguzi umeijaza ukurasa mzima. Habari ya kile kibao umeipa mstari mmoja na neno "usijali". Shangazi, ukiniambia nisijali ndipo ninapoanza kujali.

Kibao kile uliniwekea mimi nikiwa darasa la kwanza. Hukukitoa duka lilipopakwa rangi, wala paa lilipovuja. Sasa umekitoa kwa sababu gani?

Hujui maisha ya kuuliza. Juzi hapa nimeingia mgahawani, nikamuuliza kijana, "Wali huu una siagi?" Akasema, "Hapana dada, hauna." Sahani ikaja inang'aa. Nikamwita. "Mbona naiona siagi?" Akanijibu bila hata kupepesa, "Ah, hiyo ni kidogo tu." Mwingine aliwahi kunifariji kwamba jibini lake si la ng'ombe, ni la mbuzi. Mwingine alilichomoa jibini kwenye mkate kwa vidole vyake, akanirudishia mkate uleule, akasubiri shukrani. Kwa hiyo popote nilipo nakula kwa mashaka. Pasti zako ndizo chakula pekee duniani nilichowahi kula bila kuuliza.

Jambo jingine. Wakaguzi wa jimbo hawapandi huko juu wakati wa theluji kwa kupenda hewa. Nani alimwita?

Mwanao,
Karin


Hancock
29 Januari 2023

Mwanangu Karin,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii inayogandisha hata matusi. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na Heikinpäivä, ile sherehe yetu ya Kifini ya katikati ya baridi, mji mzima uko barabarani, watu wanaruka ndani ya maji ya barafu kwa hiari yao. Waino alitaka kuruka na goti lake bovu, nikamfungia viatu kabatini. Nimekutumia soksi za sufu. Najua huko ni joto, lakini miguu ni miguu.

Lile suala la lebo limekwisha, furahi. Mtu wa bima amenishauri vizuri, na Rudy ametengeneza vibandiko kwenye kompyuta, karatasi moja baada ya nyingine, vyote sawa: HUENDA INA MAZIWA. Tumebandika kila kitu. Mkate wa iliki, pasti, biskuti, samaki waliokaushwa kwa moshi, hata chupa za maji. Sasa hakuna wa kunishika. Akija mkaguzi namwonyesha, akija mteja namwonyesha. Nimetulia.

Tessa anauliza tena habari ya harusi. Anapanga meza za ukumbini na anataka kujua wewe ukae wapi.

Kula vizuri,
Shangazi Helmi


Las Cruces
15 Februari 2023

Shangazi,

Shikamoo. Soksi nimepata, asante.

Umebandika hata samaki? Hata maji?

Sitazunguka. Mavis, niliyesoma naye, ameniandikia. Anasema mwezi wa kumi binti wa chuo alikula pasti akatolewa dukani kwako kwenye machela. Mji mzima unajua. Mimi niliyekaa mezani kwako miaka yote nimeambiwa na Mavis!

Sasa naelewa vile vibandiko. Hukuviweka kumlinda mtu mwenye mzio. Umeviweka ujilinde wewe naye. Ukisema kila kitu huenda kina maziwa, umesema tu kwamba hujui unachouza. Mtu kama mimi akisoma hivyo atafanya nini? Atageuka na kutoka. Na baada ya mwezi mwingine atazoea, atasema "ah, hata maji wameyabandika," atakula, na siku hiyo maziwa yatakuwamo kweli.

Ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi kwangu. Umeufunga kwa gundi.

Niambie nini kilitokea. Pasti zilikuwa za mafuta ya nguruwe tangu enzi za bibi. Maziwa yaliingiaje? Nani alibadilisha mafuta?

Karin


Hancock
2 Aprili 2023

Karin,

Nakusalimu. Barua yako nimeiweka chini ya kopo la iliki tangu ilipofika. Kila asubuhi nafungua kopo, naiona, nalifunga. Leo ni Jumapili, Rudy na Tessa wameenda L'Anse, nimekaa peke yangu na sina pa kukimbilia.

Ilikuwa Jumamosi ya mchezo wa magongo, duka limejaa. Akaja binti mmoja, Joelle Trudeau, mwanafunzi wa ng'ambo ya daraja, kofia nyekundu. Aliinama karibu, maana alishaona vifaa vyangu vya kusikilizia masikioni.

"Samahani mama, hizi pasti kweli hazina maziwa?"

Nikamwonyesha kibao. "Binti, kibao hicho kimekuzidi umri."

"Nauliza tu."

"Pasti hii haijawahi kuonja maziwa. Nimemlelea mtu mwenye mzio kama wako. Kula bila wasiwasi."

Akacheka, akanunua, akakaa dirishani. Mimi nikageuka kwenye oveni. Nadhani aliniita, sijui. Tessa alinipiga bega, ndipo nikageuka. Midomo ilikuwa imevimba, shingo ina mabaka, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija. Alitoa sindano yake ya mzio kwenye mkoba akajidunga pajani mwenyewe, juu ya suruali. Wazima wote tuliokuwamo mle tulisimama kama nguzo. Tessa peke yake ndiye aliyepiga simu. Alilazwa. Alipona. Mavis bila shaka hakukuandikia kwamba alipona.

Jioni niliingia stoo. Yule mchinjaji wa Chassell aliyekuwa akituletea mafuta ya nguruwe alifunga duka lake mwezi wa nane. Kulikuwa na maboksi ya majarini, mapya. Nikavaa miwani. Ubavuni, kwa herufi nzito: INA MAZIWA. Karin, boksi lilikuwa limekaa gizani likisema ukweli, na mimi mbele kwenye mwanga nasema uongo.

Usiniulize nani aliagiza. Jina lililo mlangoni ni langu na mdomo uliosema "kula" ni wangu.

Sasa hata usingizi ninaupata kwa kuiba. Waino anasema zamani hapakuwa na mizio. Nikamwambia zamani walikuwa wanakufa, tukasema ni pumu. Wengine dukani wananipapasa mgongo, ati watoto wa siku hizi ni laini. Hao ndio wananiudhi kuliko wote. Na wewe umeniudhi pia. Umeandika kama mkaguzi.

Helmi


Las Cruces
20 Aprili 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo, na safari hii naiandika kwa moyo. Nilipofika kwenye boksi na mwanga, niliiweka barua chini nikatoka nje nikatembea.

Nisamehe ukali. Lakini hasira sijaimaliza, na sitajifanya. Wewe unaona ulimponza binti mmoja. Mimi namwona Joelle, na najiona mimi. Ningekuwa nyumbani mwezi ule ningekula pasti mbili nimesimama, bila kuuliza. Na sindano yangu ingekuwa chumbani, kwa sababu nikiwa kwako sikuwahi kuibeba.

Sitauliza tena nani aliagiza. Wala usiniulize kwa nini siulizi.

Umesema naandika kama mkaguzi. Haya, nikae humohumo. Hakuna anayekutaka uape. Mteja akiuliza, usimjibu kwa kumbukumbu, hata kama kumbukumbu ni yako. Mtu aende nyuma, asome boksi la siku hiyo, arudi aseme. Penye maziwa andikeni yamo. Pasipo nayo, na mna hakika, andikeni hayamo. Msipojua, semeni hamjui. Neno "sijui" limewahi kuniokoa mara nyingi kuliko daktari. "Huenda" inayobandikwa kila mahali haijamwokoa mtu.

Baridi ikipungua mwambie Waino anitumie picha ya ziwa likiyeyuka.

Habari ya harusi, nitaangalia kazi.

Karin


Hancock
28 Mei 2023

Mwanangu Karin,

Natumaini u mzima. Hapa ziwa limefunguka, mbu wamefika kabla ya maua, na Waino anatembea bila fimbo isipokuwa anapotaka kuhurumiwa.

Nilikwenda kwa Joelle. Nilivuka daraja na kikapu cha mikate mkononi, mjinga mimi. Anaishi kwenye nyumba ya kupanga na wenzake. Alifungua mlango, akakiangalia kikapu.

"Mama, sitaki mikate."

Sikumsikia vizuri, nikamwomba aseme kwa nguvu. Akasema kwa nguvu, mpaka wenzake wakatokeza vichwa ngazini. "Sitaki mikate! Nilikuuliza!"

"Ndiyo. Uliniuliza."

"Ungesema hujui, ningenunua ndizi nikaenda zangu."

Nilisimama na kikapu changu. Hakunikaribisha ndani na hakunifukuza. Nilipogeuka akasema, "Na vile vibandiko vyenu ni upuuzi." Hilo nililisikia bila kusaidiwa.

Nikarudi, nikaanza kuvibandua. Gundi ya Rudy ni gundi ya kujengea meli, nimetumia mvuke wa birika na kisu. Rudy akaingia.

"Mama unafanya nini? Bima watatuacha!"

"Watuache."

"Tukiandika hazina maziwa, halafu tukakosea tena?"

"Ndiyo maana hatuandiki tunachokumbuka. Tunaandika tulichosoma asubuhi hiyo."

Akakaa juu ya gunia la unga, mtu mzima, bwana harusi, akaweka uso mikononi. Akasema, "Mimi ndiye niliyeagiza lile boksi." Nikamwambia najua. Akasema, "Karin pia anajua. Nilimpigia mwezi wa tatu." Kumbe ndiyo maana ulisema hutauliza! Basi miezi yote hii mimi nimemficha kwako na wewe umemficha kwangu, na yeye hajapata usingizi hata siku moja.

Tumempata mchinjaji mwingine, huko Baraga. Pasti zinatengenezwa Jumatatu tu, siku ambayo hakuna mkate wa iliki, kwenye meza yake na vyombo vyake. Mkate wa iliki una lebo ya kuonekana na kipofu: INA MAZIWA. Biskuti za lozi tunazoletewa na watu wengine, lebo zake hazieleweki, tumeandika HATUJUI, USILE KAMA UNA MZIO. Bi Schroeder alikuja tena, akasoma hiyo, ndipo kwa mara ya kwanza nikayaona meno yake. Akasema sheria haikuwahi kututaka tuandike "huenda". Inatutaka tutaje kilichomo. Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo tangu Novemba. Akasema alisema, mimi nilikuwa nabishana habari za mfuko.

Wateja wanatania. Toivo wa posta kila siku, "Helmi, kahawa yangu ina maziwa?" Namwambia, "Ina maneno mengi."

Biashara imepungua kidogo, na foleni imekuwa ndefu kwa sababu Tessa anaenda nyuma kusoma. Nachoka. Mara nyingine nakasirika kwamba nimeanza kujifunza kazi hii uzeeni. Lakini nafanya.

Sasa nijibu. Unakuja harusini au huji? Ndiyo au hapana. "Huenda" sitaki kuiona tena.

Shangazi yako


Las Cruces
3 Julai 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Nimefika salama, na joto limenipokea kama mtu aliyenidai. Nyumba yote inanukia moshi wa sauna kutoka kwenye nguo zangu. Rudy alipendeza, na Tessa alipoita watu waje kula nadhani walimsikia mpaka Kanada. Waino amenichezesha mpaka viatu vikakatika. Goti gani lile?

Nina jambo sikulisema pale, na kwa simu hutalisikia.

Uliniona harusini. Ulitoka jikoni na sahani, pasti mbili, umezipanga mwenyewe, na kikaratasi kimeandikwa kwa mwandiko wako kila kilichomo. Nilisoma. Nikasoma tena. Nikakwambia nimeshiba. Halafu ukaniona nyuma ya ukumbi nikila wali wangu wa baridi kutoka kwenye kopo nililotoka nalo huku. Uliirudisha sahani jikoni, na mgongo wako nimeuona usiku huo na kila usiku baadaye. Sikushiba, shangazi. Niliogopa. Niliogopa chakula chako, na hilo liliniudhi kuliko mzio wenyewe.

Jumatatu, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilipita dukani. Wewe ulikuwa bado umelala. Tessa alikuwa kaunta tayari, bibi harusi wa siku mbili, amevaa aproni. Nikasimama kwenye foleni kama mtu yeyote.

"Pasti zina maziwa?"

Hakuniambia "Karin, acha utani." Alisema, "Subiri nikasome." Akaenda nyuma, akarudi na ndoo ya mafuta mikononi, akanigeuzia maandishi niyaone mwenyewe.

"Na unga?"

Akaenda tena. Nyuma yangu bwana mmoja akaguna, "Hili ni duka au maktaba?"

"Mwenye haraka aende kwa jirani!" Tessa akampigia kelele kutoka stoo.

Nikanunua moja. Niliendesha gari mpaka maegesho ya hospitali, nikasimama karibu kabisa na mlango wa dharura, nikaweka sindano yangu tayari juu ya paja. Nikala nusu. Nikangoja, nikisikiliza redio, habari za hali ya hewa na matangazo ya mazishi. Nikajishika shingo. Nikajitazama midomo kwenye kioo. Hakukuwa na kitu. Nikala nusu iliyobaki. Nililia kidogo, lakini hilo halikutokana na maziwa. Nusura nikose ndege.

Chumvi imepungua, mwambie Rudy.

Mwanao,
Karin